Mgonjwa Aliyeitwa 361

Beshte yangu unayesoma, niaje. Keti kidogo. Hizi barua nimezipanga kwa tarehe na sijatoa hata neno, hata penye nilikasirika nimeacha vile ilikuwa.

Mimi ni Muchiri. Niko na kibanda ya kutengeneza simu hapa Kitale. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kubomoa na kurudishia. Mathe wangu anaitwa Warũgũrũ, anakaa Kiminini, na shingo yake imefura mpaka akilala chali hewa inakataa kupita. Daktari wa huku alimpa siku ya kupasuliwa, Jumanne tarehe 25 Machi. Mathe akakataa. Ati zamani alipasuliwa hospitali moja ya misheni Bungoma, dawa ya usingizi ikamshika vibaya karibu afe, na hajui ilikuwa dawa gani, juu kadi walimpa ilipotea kitambo. Daktari akasema dawa ziko nyingi, akijua ni gani ataiacha. So kazi yangu ilikuwa moja tu, nipate hiyo faili kabla ya tarehe 25. Ile hospitali hutaka maombi kwa maandishi. Nikaandika.

*

Kitale,
17 Februari 2025

Kwa Ofisi ya Rekodi,

Habari ya kazi. Naitwa Muchiri. Naomba nakala ya faili ya mama yangu, Waruguru Munene. Alipasuliwa tumbo hapo kwenu. Mwaka hakumbuki sawasawa, anasema ni ule mwaka mahindi ilioza shambani kwa mvua, so nahesabu kati ya 2002 na 2004.

Ruhusa yake iko hapo chini, sahihi ni yake mwenyewe. Mtaona ameweka vikofia juu ya kila u ya jina. Hayo ni mambo yake. Baba yake alikuwa anafundisha katekisimu na alichapa watoto wakiacha hivyo vikofia. Kitambulisho iliviacha, yeye hajawahi.

Tunataka kitu moja tu, jina la dawa ya usingizi alipewa. Daktari anaingojea. Nilikuwa nimetuma email pia, kama mliiona ni sawa, lakini hii ndio ya maana.

Muchiri

*

Bungoma,
20 Februari 2025

Bwana Muchiri,

Mulembe. Barua yako imefika. Email yako pia tuliiona, lakini pahali pa sahihi ya mama palikuwa na viboksi vitupu. Bosi wangu Bwana Kigen akasema ni virusi, akaifuta.

Nimetafuta Waruguru Munene. Kompyuta inasema HAKUNA. Nimetafuta Waruguru peke yake. HAKUNA. Sistimu yetu inataka jina vile liliandikwa, ukikosea herufi moja inakunyima. Vitabu vya karatasi vya miaka hiyo vilinyeshewa stoo ilipovuja. Waliwahi kuviingiza kwa kompyuta kabla vioze, na sasa haviko.

Tuna faili elfu arobaini na moja. Siwezi kuzipitia moja moja na foleni iko dirishani. Pole sana. Mungu amsaidie mama.

Jentrix,
Karani wa Rekodi

*

Kitale,
22 Februari 2025

Sista Jentrix,

Asante kwa kujibu, lakini hiyo HAKUNA nimeikataa.

Nimeuliza mathe vizuri. Anasema siku hiyo nesi alitaka kumwandika, yeye akamnyang'anya kalamu akajiandika mwenyewe kwa kitabu, na vikofia vyake. So mwenye aliingiza hicho kitabu kwa kompyuta huenda aliviingiza pia. Na kwa kompyuta u na ũ ni watu wawili tofauti kabisa. Ni kama usimame kwa geti uite Kipkorir na unataka Bethwel.

Fanya hivi. Fungua Word, andika 0169, halafu shika Alt na X pamoja. Itageuka iwe ũ. Ikopi, uipande kwa jina lake la kwanza, Warũgũrũ. Bonyeza tafuta. Ikisema HAKUNA tena usifunge. Angalia juu kabisa kwa brauza, pale kwa anwani, halafu uniandikie kila kitu iko hapo. Kila kitu, hata kama inakaa ujinga. Na uniandikie kwa karatasi, juu kalamu haigeuzi kofia ikawa boksi. Barua nitakuwa naweka kwa gari ya vifurushi, utachukua stage.

Nimeambia mathe niko na mtu Bungoma. Akauliza, "Mtu gani?" Nikasema karani. Akasema, "Mwambie mimi si hewa. Nililala hapo siku kumi na moja."

Muchiri

*

Bungoma,
27 Februari 2025

Kaka Muchiri,

Mulembe. Hiyo Alt na X imenishangaza. Nimeirudia mara nne bila sababu. Bwana Kigen akapita nyuma yangu akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikasema, "Ni kazi." Akasema, "Inakaa mchezo."

Kompyuta imesema HAKUNA. Huko juu imeandikwa hivi, nimeinakili mara mbili nikalinganisha:

tafuta.php?jina=War%26%23361%3Bg%26%23361%3Br%26%23361%3B

Jina la mama linaanza vizuri halafu linaharibika. Naona 361 mara tatu. Nilifikiri ni nambari ya faili, nikaifungua faili 361. Ni ya mzee wa Bokoli aliyeangukiwa na gogo.

Kitu kingine, sijui kama kitakusaidia. Sistimu yetu ina uchafu. Ukipitia majina unakuta Å© katikati, kama inzi ameanguka kwa chai. Nikipata nafasi nitamalizia kuusafisha. Hapa ofisini wananiita Mama Usafi, na si kwa sababu ya ufagio.

Mwambie mama nimemsikia. Siku kumi na moja ni nyingi.

Jentrix

*

Kitale,
1 Machi 2025

Jentrix,

Nimeishika. Nimesoma hiyo mstari yako nikiwa nimesimama, mteja akangoja simu yake mpaka akaondoka. 361 si faili. Ni mathe.

Skiza. Kila herufi duniani iko na nambari yake. ũ nambari yake ni 361. Sasa huo ukurasa wenu wa kutafutia haujaambia brauza unatumia orodha gani ya herufi, so brauza inajiamulia ni ile ya zamani ya Wazungu, na hiyo haina ũ. Ukiandika ũ brauza inakosa pa kuiweka, inatuma nambari yake. Ghala la majina linaulizwa, kuna mgonjwa anaitwa War361g361r361? Linasema HAKUNA. Na halidanganyi, bana. Limeulizwa mtu mwenye hayuko.

Na huyo inzi wako kwa chai ndio ũ hiyo hiyo, ikisomwa vibaya ikirudi. Si uchafu hata kidogo. Ni herufi ya mtu imevalishwa koti ya mwingine. Ndani ya ghala iko sawa, ni macho ya brauza yanaiona vibaya. Usifute hata moja.

Dawa ni mstari mmoja. Kwa hiyo kompyuta yako tafuta folda inaitwa htdocs, ndani utapata tafuta.php. Kwanza ikopi, hiyo kopi uite zamani, ndio tukiharibu turudi. Halafu ifungue na Notepad. Juu utaona neno head limefungiwa kwa alama za ncha. Chini yake weka maneno haya, uyafungie kwa alama kama hizo:

meta charset="utf-8"

Usiongeze kitu. Wakati wa kuseva uchague UTF-8. Halafu rudi kwa brauza, Ctrl na F5, tafuta mathe.

Wewe ndio utafanya, mimi niko mbali. Nakuamini, mtu amenakili hiyo takataka ya asilimia bila kukosea hata moja anaweza chochote.

Muchiri

*

Bungoma,
8 Machi 2025

Bwana Muchiri,

Mstari umefanya kazi. Inzi wametoweka, majina yanaonekana vizuri. Nimejaribu na jina lingine, Wangũ, wamekuja watano, wa mapema kabisa ni wa 2009.

Mama yako hayuko. Pengine alitibiwa kwingine. Wagonjwa husahau.

Jentrix,
Karani wa Rekodi

*

Kiminini,
10 Machi 2025

Jentrix,

Wiki nzima halafu mistari sita. Ni sawa, najua uko na foleni. Lakini kuhusu kusahau, wacha nikuambie mathe hajasahau nini.

Jana nilimsomea barua yako. Akamenya viazi tatu, halafu akaniambia kitu hajawahi niambia tangu nizaliwe. Walimpasua asubuhi. Akaamka kabla ya wao kujua ameamka. Alisikia kila kitu na hakuweza kufungua jicho, kusogeza kidole, kupumua. Alikuwa anapumuliwa na watu, mtu akibonyeza mfuko wa hewa kwa mkono. Alisikia mmoja anasema, "Mkono umekufa ganzi, nishikie." Mwingine akashika. Wakaimba kwa Kibukusu ndio wasisinzie. Yeye Kibukusu haelewi, lakini ile wimbo anaweza kukuimbia hadi leo, aliniimbia na kisu mkononi. Ndio maana anakataa. Haogopi kufa. Anaogopa kufungiwa ndani tena.

So yuko kwa hizo faili. Nimekaa nikafikiria, nadhani najua shida. Kuna ũ za aina mbili. Moja imezaliwa na kofia. Ingine ni u ya kawaida imevalishwa kofia baadaye, nambari mbili zimebebana. Kwa macho ni sawa, kwa kompyuta ni tofauti. Pengine mwenye aliingiza vitabu vya zamani alitumia ile ya kuvalishwa. Jaribu hivi. Kwa Word andika u, kando yake bila nafasi andika 0303, Alt na X. Itapata kofia. Tumia hiyo kwa Warũgũrũ zote tatu.

Ikikataa niko na njia ingine. Nimeandika page tatu, nimezikunja ndani. Zifuate kwa mpangilio.

Siku kumi na tano zimebaki.

Muchiri

*

Kitale,
15 Machi 2025

Jentrix,

Hujajibu. Dereva anasema barua ilichukuliwa stage siku hiyo hiyo, na msichana mrefu wa sweta ya kijani. Si ni wewe?

Tumepeleka mathe kwa daktari Ijumaa. Alimpima akaniita kando akasema hewa imebaki njia nyembamba kama mrija wa soda, hiyo tarehe 25 isisogee. Mathe akajibu kutoka ndani ya chumba, "Nasikia. Na bado sijakubali." Daktari akacheka, mimi sikucheka.

Kama nimekukosea kwa hizo page tatu niambie. Kama ni bosi anakusumbua niambie. Jumanne nakuja Bungoma mwenyewe, nikae kwa hiyo kompyuta mpaka inipe mama yangu. Mwambie Bwana Kigen aandae kiti.

Muchiri

*

Bungoma,
17 Machi 2025

Kaka Muchiri,

Usije bado. Soma hii kwanza, halafu uamue kama bado unataka kukalia kiti karibu na mimi.

Nilipoajiriwa, mwaka juzi, Bwana Kigen alinionyesha ile Å© akaniambia, "Hii kompyuta ina kutu. Isugue." Nikaanza na faili za kwanza kabisa, za 1998. Nafungua faili, naona inzi, namfuta, naseva, nafungua ingine. Wiki tatu. Sikuenda hata chai ya saa nne. Nilifika mwisho wa 2006 ndipo nikahamishiwa dirishani. Asubuhi moja wakati wa maombi Bwana Kigen alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote akasema, mkitaka kujua bidii ni nini angalieni huyu msichana. Nilimwandikia mama yangu, huko nyumbani Lugulu, juu ya siku hiyo. Barua hiyo anaiweka ndani ya Biblia.

Barua yako ya tarehe moja uliandika, si uchafu, ni herufi ya mtu, usifute hata moja. Niliisoma hapa mezani. Nikaendelea kuhudumia watu mpaka jioni na sikumbuki sura ya hata mmoja wao.

Kwa hivyo hakuna ũ ya kuvalishwa kofia. Page zako tatu sikuzijaribu, nilijua hazitafanya kazi, na nikakuacha uendelee kuhesabu siku. Nilikwambia mama amesahau. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko kufuta.

Mkataba wangu unaangaliwa mwisho wa Aprili. Ndiyo sababu nilinyamaza. Ni sababu, si kisingizio.

Herufi za mama yako nilizitoa kwa mkono wangu, na siwezi kuzirudisha kwa sababu sijui nilizitoa wapi.

Jentrix

*

Kitale,
18 Machi 2025

Jentrix,

Siku kumi. Nimepoteza siku kumi nikivalisha u kofia kama mjinga. Mathe wangu analala ameketi, unajua hiyo? Ameegemea gunia ya maharagwe juu akilala anakufa, na wewe unaniambia wagonjwa husahau. Ulikuwa na sweta yako ya kijani, unachukua barua zangu, unajua, unanyamaza. Ati Mama Usafi. Mungu akusaidie wewe.

Sasa ni saa saba mchana. Hiyo juu niliandika asubuhi na siifuti. Lakini nilienda nikasoma barua zako zote tena kutoka mwanzo, na tarehe 27 uliniandikia "nitamalizia kuusafisha". Nitamalizia. Mtu humalizia kitu alianza. Uliniambia na sikusoma, niliona 361 nikakimbia nayo. Mimi hukimbia, hiyo ni yangu, si yako.

Halafu nikiwa nimekaa hapo na hasira, ubongo ikaanza kufanya kazi bila kuniomba ruhusa.

Ulifuta inzi tu, sivyo? Hukugusa herufi zingine. So jina halijapotea, liko na mashimo. Chukua Warũgũrũ, toa kila ũ. Inabaki Wargr. Mũnene inabaki Mnene. Hakuna binadamu amewahi kuitwa Wargr Mnene. Kama yuko kwa hilo ghala yuko peke yake, hana wa kufanana naye.

Usiandike jina lake. Andika mashimo yake. Wargr Mnene, na nafasi katikati. Na usingoje foleni iishe.

Muchiri

*

Bungoma,
19 Machi 2025

Kaka Muchiri,

Yuko. Mmoja tu, kama ulivyosema.

Barua yako niliifungulia stage, nimesimama kando ya muuza karanga. Ofisini nilifunga dirisha mbele ya watu kumi na wawili, wakanung'unika. Mama mmoja akasema, "Hata hapa kuna usingizi wa mchana?" Nikaandika Wargr Mnene. Nilipoona mstari mmoja umetokea nilichapisha kwanza, ndipo nikasoma.

Nakala iko ndani ya bahasha hii, imepigwa muhuri, ombi na ruhusa ya mama nimeviambatanisha. Lakini nakuandikia hapa pia, ikipotea moja ibaki ingine. Alipasuliwa Juni 2003. Dawa inaitwa suxamethonium, jina lake ni refu, nakili polepole. Chini mwenye alimpa dawa ya usingizi ameandika: "Hakupumua mwenyewe kwa saa saba. Tumempumulia kwa mkono kwa zamu, Sandra, Noah, Vivian, Sandra tena. Asipewe dawa hii maisha yake yote. Ameelezwa na kupewa kadi."

Mwambie mama wale walioimba walikuwa watatu.

Nimeomba gari lisichelewe.

Jentrix

*

Kitale,
28 Machi 2025

Jentrix,

Amepasuliwa. Iliisha saa sita mchana, saa saba alikuwa amefungua macho na anapumua mwenyewe, kwa kelele, kama mtu anabishana.

Daktari aliposoma karatasi yako alisema hiyo dawa ndio angeanza nayo. Akasema hivyo tu, akaandika kwa faili kwa kalamu nyekundu.

Kabla akubali, mathe aliisoma mwenyewe. Alisoma ile mstari ya zamu mara nyingi. Akasema, "Sandra tena." Akarudia, "Sandra tena. Huyo ndio alisema mkono umekufa ganzi." Halafu akaniangalia akasema, "Haya, twende. Unangoja nini?"

Sauti yake haijarudi, daktari anasema itachukua siku kadhaa, so anaandika kwa kijitabu. Mambo ya kwanza aliandika ni tatu. Uji haina sukari. Redio yake nimeirekebisha au bado natengeneza za watu wa Bungoma. Na kwa nini kwa hiyo karatasi anaitwa Wargr.

Nilimwambia yote. Ulichofuta, ulichoficha, ulichopata. Alifikiria halafu akaandika, nakunakilia vile iko: "Alinipoteza na akanitafuta. Mwambie anirudishie herufi zangu. Na za wengine."

Juu mimi na wewe tunajua hayuko peke yake huko ndani.

Muchiri

*

Bungoma,
3 Aprili 2025

Ndugu Muchiri,

Ofisi hii imegundua kuwa majina mengi ya wagonjwa kati ya mwaka 1998 na 2006 yana herufi zilizopotea. Aidha, tumefahamishwa na karani kuwa wewe ndiwe uliyeelekeza mabadiliko katika ukurasa wa kutafutia, na baadhi ya wenzangu wanaamini mabadiliko hayo ndiyo chanzo.

Tafadhali jaza fomu iliyoambatanishwa. Eleza kama herufi zilipotea kwa sababu ya sistimu au kwa mkono wa mtu. Kama ni mtu, mtaje. Hadi fomu itakaporudi, hakuna anayeruhusiwa kugusa majina hayo.

Ninashukuru kwa msaada wako. Nimefurahi kusikia mzazi anaendelea vyema.

Kigen,
Mkuu wa Rekodi

*

Bungoma,
5 Aprili 2025

Kaka Muchiri,

Mulembe. Ninajua umepata fomu. Mimi ndiye niliyeibandika stempu.

Sikuombi uandike lolote. Ningetaka kukuomba, kwa hivyo naandika haraka nimalize kabla sijakuomba.

Ndani kuna karatasi kumi na nne. Ni majina yenye mashimo, mia tatu na kumi na mawili. Niliyanakili kwa mkono wakati wa chai ya saa nne, kabla Bwana Kigen hajafunga. Wang. Mgo. Mthoni. Mengine naweza kuyajaza, mengine nahitaji mtu wa kwenu, na mengine nahitaji mama yako. Kuna mmoja pembeni mwa jina ameandikiwa "asipewe penisilini". Huyo nimemwekea nyota.

Nimeenda mpaka mlango wa Bwana Kigen mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa kwa simu. Mara ya pili hakuwa kwa simu.

Msalimie mama. Ile wimbo niliuliza watu wazima wa hapa ni gani. Wanasema wanahitaji kuisikia kwanza.

Jentrix

*

Sasa beshte, hapo ndio tumefika. Fomu iko hapa mezani, kando ya simu imefunguliwa matumbo. Nafasi ya kujibu ni mstari mmoja. Chanzo cha tatizo, nukta mbili, halafu kamstari.

Nikiandika sistimu, mtu mwenye alinipatia mathe anabaki na kazi yake. Lakini Kigen, mwenye aliagiza hiyo kutu isuguliwe bila kujua ni herufi, atafungua hizo faili akiamini sistimu ndio imezila, na Jentrix hawezi kuonyesha mashimo bila kujitaja, so hakuna mtu mwingine atajua ya kwamba ukitaka Wangũ wa zamani unaandika Wang, na yule mwenye nyota anaweza kuingia hospitali kesho wakamwambia HAKUNA, wakamdunga. Nikiandika Jentrix, majina yanarudi yote mia tatu na kumi na mawili, na yeye anarudi Lugulu kwa mama mwenye barua ndani ya Biblia. Nikingoja ajisemee mwenyewe, nangoja mlango wenye ameshafika mara mbili.

Nilimuonyesha mathe fomu. Akaisoma, akaomba kalamu, nikafikiria anaijaza yeye. Hakuijaza. Alichukua zile karatasi kumi na nne, akatafuta mpaka akapata Wargr, akaandika kofia zake tatu hapo juu, pole pole. Halafu akaingia kwa Wang.

Amefika jina la hamsini na tisa. Mimi kalamu iko mkononi na kamstari kananiangalia. Wewe ungeandika nini?